Nia ya Brayo

Jumanne.

Dandora nzima hakuna wakili wa kunifikia, na mimi shule niliiachia kidato cha pili. Sheria ya mauaji nimeimeza yote kwenye kitabu cha Uingereza cha dada yangu Njeri, anayesomea uwakili. Lazima mtu afe mkononi mwako bila sababu halali, na uwe na nia. Nia ikikosekana, si mauaji.

Kaka yangu Brayo yuko ndani tangu apigane na yule muuza mbuzi wa Kiamaiko, na jamaa akafa. Leo karao anayechunguza kesi aliniita, akaninunulia soda. Nilishuku papo hapo. Karao hanunui soda bure. Hata kifuniko nilikichunguza.

"Wewe unaonekana mjanja," akasema. "Brayo alimtakia nini marehemu?"

Nikauona mtego, nikacheka. "Afande, hapo hunipati. Brayo hakutaka kumuua. Asubuhi aliniambia anaenda kumvunja miguu tu, asitembee tena."

Akaandika polepole. Akaniomba nirudie, niweke sahihi. Akaniongezea mandazi. Hapo ndipo ningeshuku zaidi, lakini nilikuwa nimeshanogewa...

Njeri aliposikia aliketi kwenye ngazi. "Ulisoma ukurasa mmoja, fala wewe? Nia ya kumuumiza mtu vibaya sana inatosha. Hata huku kwetu."

Nilimchunguza karao, soda, mpaka kifuniko. Kumbe nia ya Brayo hawakuwa nayo. Mimi ndiye nimewapa.