Toleo Jipya Halina Tabibu

Kaka, Jumamosi hii, tarehe tisa, saa kumi jioni, ndipo waliponiharibia kila kitu.

Si unajua ule mchezo wetu wa mezani, wa kete na kuigiza mashujaa? Msimulizi, yule anayetuongozea mchezo, kaja na kitabu cha sheria cha toleo jipya, wenzangu wanachekelea, eti mapigano yatakwenda haraka. Nikamuuliza, shujaa wangu, tabibu, yuko ukurasa gani?

"Mzee, matabibu wameondolewa. Wakubwa wenye mchezo ndio walioamua," akasema Msimulizi.

Wameondolewa! Tabibu yule alibuniwa na marehemu mke wangu. Tangu nimzike namchezesha mimi, kwa karatasi yenye mwandiko wake.

"Chagua shujaa mwingine, mzee. Hiyo si karatasi tu?"

Karatasi tu! Kaniambia hivyo, kaka!

 Meza ile nimeichonga mimi, na bisibisi hainitoki mfukoni. Nikajifanya naokota kete, nikaifungua miguu yake yote minne. Meza ikaporomoka, chai yao yote ikaishia kwenye kitabu chao kipya. Nikabeba ubao wa meza yangu kichwani, wacheze sakafuni!

Lakini roho haijatulia. Mlangoni niliwauliza: wiki iliyopita tulimwacha tabibu pangoni, anawafunga vidonda mashujaa wenu. Sasa amekufa lini, na nani kamuua?