Paja la Asiyefyatua

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, siku moja baada ya msimu kufungwa.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu yananung'unika, nami nimeyazoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Wewe je, hujambo huko? Kazi inakwendaje? Na mkono? Mama yako anataka kujua kama sasa unaweza kuinua birika lililojaa maji kwa mkono wa kushoto. Ameniagiza nisikubali jibu la "naendelea vizuri". Tujibu habari za birika.

Leo nakuandikia nikiwa na raha ya mtu aliyeshinda kesi. Msimu wa kuwinda umekwisha na kila aliyetoka na bunduki amerudi kwake mzima. Hakuna aliyejeruhiwa. Nitakueleza kwa utaratibu, maana unanijua, sijui kueleza kwa njia nyingine.

Ulipokuwa bado umelazwa nilikuambia kwamba risasi iliyokupata haikuanzia kwenye bunduki ya kaka yako. Ulinitazama kama mtu anayeanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Nilimaanisha kwamba ilianzia kwenye mgao. Chama chetu cha wawindaji kilikuwa na desturi ya kumpa paja la nyuma yule aliyekuwa wa kwanza kufyatua na kumpata mnyama. Watu wazima, ambao nyama wanaweza kuinunua buchani, walikuwa wakiligombania paja hilo kama watoto wanaogombania kiti cha dirishani. Kichaka kikitikisika tu, vidole vimeshafika. Sikio likawa linawinda badala ya jicho. Siku ile kaka yako alisikia majani, akataka kumtangulia mwenyekiti wetu, Jenerali, na nyuma ya majani ulikuwa wewe.

Basi mwanzoni mwa msimu huu nilisimama kwenye mkutano nikapendekeza kwamba paja apewe mtu aliyekataa kufyatua kwa sababu hakuona vizuri, hata kama mnyama ameuawa na mwingine. Ukumbi ulicheka. Kinyozi akauliza, "Yaani Mwalimu, paja kwa kutofanya kitu? Basi mimi nidai ng'ombe mzima, tangu asubuhi sijafanya kitu." Jenerali, yule muuza matairi aliyepewa cheo na sauti yake tu, alisema nataka kuwageuza wawindaji kuwa watazamaji. Nikawaomba wanitajie mnyama mmoja ambaye thamani yake inafikia mkono wako. Kicheko kikaisha. Wakapitisha.

Tulikubaliana pia kwamba kila mtu avae fulana ya rangi ya chungwa, ili aonekane hata katikati ya vichaka. Mama yako amezishona zote kwa cherehani yake, na mishono ameikaza kweli.

Kaka yako hakutaka kuja. Alikuwa amejifungia kwenye kazi yake ya kuchomelea vyuma, na bunduki ameifunga kwa gunia. Nilimfuata karakanani mara kadhaa. Nilimwambia kwamba kwenye mstari wetu nahitaji mtu anayejua risasi inafanya nini ikishatoka. Jana, siku ya mwisho ya msimu, akaja.

Asubuhi Kinyozi alimpata kulungu mmoja, safi kabisa, mahali pa wazi. Mchana tulikuwa juu ya kijito, kaka yako pembeni, Jenerali karibu yake, mimi nyuma yao na darubini yangu. Mara matete yakatikisika. Kikaonekana kitu cha kahawia, kimo cha mnyama aliyeinama kunywa maji.

"Piga," Jenerali akanong'ona. "Piga bwana, anaondoka huyo."

Kaka yako alikuwa ameelekeza mtutu chini, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. "Sijaona kichwa," akasema.

"Kichwa utakiona kwenye sufuria ya mwenzako."

"Sawa, nitakiona huko. Sasa hivi sijakiona."

Matete yakakohoa.

Akatoka Fundi Saa, mwenzetu wa chamani, mzee wa watu, katika shati lake la kahawia, suruali imekunjwa hadi magotini na fulana ya chungwa imekunjwa vizuri chini ya kwapa. Alikuwa ameivua ili miiba isiichane. Kazi ya mikono ya mama yako, alisema, ingekuwa aibu kuiharibu siku ya mwisho.

Jenerali aliketi chini pale pale alipokuwa. Kaka yako akatoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni, akaenda akamvalisha mzee ile fulana na kumfunga vifungo kimoja kimoja. Mikono yake ilikuwa imetulia, mpwa wangu. Hilo niliangalia kwa makini.

Wakati wa kugawa hapakuwa na mjadala. Kinyozi mwenyewe alilikata paja akamwekea kaka yako begani. "Beba," akamwambia, "na usinipakie damu. Mimi leo nimeua tu." Tukapita naye barabara kuu mchana kweupe, Jenerali akiwa mbele akipiga kelele watu wapishe njia, na wenye maduka wakatoka mlangoni kumtazama mtu anayeshangiliwa kwa risasi aliyorudi nayo mfukoni.

Aliniomba nisikuandikie haya, usije ukadhani anadai kitu. Najua kwamba hupokei simu zake. Mkono ni wako na maumivu ni yako, wala sikuamrishi. Nimekueleza tu alivyosimama jana, kwa sababu mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo. Jumapili ijayo jioni atakupigia tena.

Mama yako anakusalimu sana. Shangazi na watoto wake wanakusalimu. Kinyozi anasema huko watakuharibu nywele. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na aupe mkono wako nguvu. Fundi Saa naye amepita hapa sasa hivi, amekaa kwenye kiti chako, anakunywa chai, na anasema nikusalimu.

Mjomba wako akupendaye daima.