Kifaranga Ndani ya Kifuniko cha Saa

Walukuba, Jinja,
Uganda.
9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Kagoya,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote nataka kujua goti lako la kushoto linaendeleaje. Binti yako Shakirah aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unapanda ngazi za nyumba yako hapo Mombasa huku umeshika ukuta, na kwamba fimbo umeikataa kwa sababu fimbo ni ya wazee. Nilicheka, kisha nikakuombea. Je, dawa ya kuchua imesaidia? Na presha imetulia?

Sisi huku hatujambo. Mvua imezidi mpaka uwanja wa nyuma umegeuka tope, lakini mihogo imekubali. Shuleni ni wakati wa mitihani, kwa hiyo kazi yangu ni kusimamia chumba kilicho kimya na kutembea kati ya madawati. Mama macho humsumbua akitoka juani. Nilipomwambia kwamba nakuandikia alisema, "Mwambie nimemsalimu," akaendelea kuchambua mchele.

Kiswahili hiki ni kazi ya mkono wako, Shangazi, na sijasahau. Ulikuwa ukinitumia vitabu kutoka huko, nami nikikuandikia barua za shukrani, nawe ukinirudishia barua zile zile zimejaa wino mwekundu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilizipenda zile barua nyekundu kuliko vitabu vyenyewe. Ndiyo maana leo nimetumia karatasi badala ya simu.

Shakirah huenda amekwambia kwamba nimekuwa mkusanyaji wa saa. Ni kweli. Ninazo sita, zote za mfukoni, zote za reli ya Japani, za kutia ufunguo kwa mkono. Uso mweupe, tarakimu nyeusi nene ambazo mtu anazisoma hata treni ikitikisika, na kisahani kidogo cha sekunde chini, juu ya namba sita. Madereva wa treni wa huko walikuwa wakiingia kazini wanaitoa saa mfukoni na kuilaza kwenye kishimo cha mviringo kilichotengenezwa mbele yao kwa ajili hiyo. Nyuma ya kila moja pamechongwa namba na mwaka wa Kijapani. Nimejifunza kuisoma hesabu yao ya miaka. Moja niliipata kwa mwalimu wa judo kutoka Japani aliyekuwa akijitolea hapa Jinja, mbili Nairobi, na tatu zilikuja kwa posta kutoka Osaka, kila moja imefungwa kwenye soksi ya mtoto.

Majirani husema nina mapenzi ya ajabu kwa vyuma hivi. Mwanzoni sikuwa nayo. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja, na mtu huyo huwaonyesha vitu vyake wakusanyaji tu.

Unaijua saa ya Babu kuliko mimi. Ni Seikosha ya reli, aliyopewa na yule fundi Mjapani aliyekuja Jinja kufunga mashine za kushona mashati, miaka ile Babu akiwa karani wa stesheni. Ilikuwa ya baba wa Mjapani, dereva wa treni. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyejua kusoma maandishi ya nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeyanakili. Mwaka 2014, Babu alipofariki, saa ilibaki kwa Baba. Wiki hiyo hiyo ikasimama. Baba, fundi saa mzima, hakuwa na kile kipande kilichovunjika, akaipeleka Mbale kwa Mafabi, ambaye alikuwa na sanduku la vipuri vya Kijapani kwenye kibanda chake pale Namatala. Alimwamini kwa sababu Babu alikuwa rafiki wa baba yake.

Baba alirudi Mbale mara tatu kuifuata. Mara ya tatu Mafabi alimwambia, mbele ya wateja, kwamba alikwisha kumrudishia na kwamba uzee umeanza kumla kichwa. Kisha akakupigia simu wewe. Akakwambia amemwona Isiko, ndugu yako, akimuuzia saa ya Babu mfanyabiashara mmoja kule Malaba.

Ulikuja kwenye arobaini ya Babu. Nilikuwa nimebeba sinia ya pilau nilipokusikia, na watu wote waliokuwa chini ya turubai walisikia: "Isiko, umekula saa ya baba yetu. Mungu akuonyeshe njaa." Baba hakukujibu. Alishika sinia niliyoibeba, akaanza kuwagawia wageni chakula. Nilimchukia siku ile kwa kunyamaza kwake. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka apige meza.

Baada ya hapo watu waliacha kumletea saa. Hawakuacha siku moja, waliacha polepole, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya adabu. Aliendelea kukaa pale barazani kwetu na meza yake tupu mpaka mwaka 2018 alipotutoka.

Nilianza kukusanya mwaka uliofuata. Mbale kuna wanaume watano ambao hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika hoteli moja karibu na mnara wa saa, wanakunywa kahawa na kuonyeshana saa za zamani. Mafabi ndiye mkubwa wao. Ameacha kibanda, sasa ana duka lenye vioo. Nilikwenda na saa ya mwalimu wa judo. Walinikaribisha vizuri, nikawa wa sita. Mafabi alipenda kunitania. "Madam, hizi saa ndio watoto yako?" aliniuliza. "Sasa bwana utampata saa ngapi?" Wenzake walicheka nami nikacheka. Kwa miaka mitano hakuniuliza hata siku moja mimi ni mtoto wa nani.

Sikujua kama bado anayo. Nilijua jambo moja tu. Fundi saa kila anapoisafisha saa hukwaruza alama yake na mwaka ndani ya kifuniko cha nyuma, kwa ncha ya sindano, ndogo kuliko punje ya ulezi. Alama ya Baba ilikuwa ndoano. Hofu yangu ilikuwa kwamba Mafabi amekwisha kuzisugua. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa hiyo nikaanza kuwafundisha. Mimi ni mwalimu, Shangazi, na nina subira. Kila mwezi nilisema neno moja juu ya alama za mafundi. Niliwaambia kwamba saa iliyosuguliwa ndani ni kama mtu asiye na ukoo, kwamba wakusanyaji wa Japani huziheshimu zaidi zenye alama nyingi. Si uongo, lakini sikuyasema kwa ajili ya ukweli. Wakaanza kufungua vifuniko na kuhesabu. Mwezi wa Oktoba nilileta ile yangu ya Osaka yenye alama tano, na bwana Gaster mwenye duka la dawa akapiga makofi. Nilikuwa nikimtazama Mafabi. Kahawa yake ilipoa hajainywa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, tarehe mosi, alikuja na saa ya Babu.

Niliijua kabla hajaiweka mezani, kwa ule mkwaruzo ulio kando ya namba nne. Mikono yangu niliiweka chini ya meza. Alisema ameipata kwa dereva wa treni wa Kenya ambaye ni marehemu. Kisha akafungua kifuniko yeye mwenyewe, bila kuombwa, na kumpa kila mtu kioo cha jicho atazame.

"Ona, madam. Hii ndoano, mara tatu, fundi moja. Na hii kiatu hapa kando, hii ni alama ya Muhindi wa Kisumu, fundi mkubwa ya reli. Alishakufa zamani."

"Una hakika ni kiatu?"

"Hata mtoto anaona ni kiatu."

Nikamgeukia Afande Otim. Huyu ni mzee aliyestaafu magereza, na saa yake ya mkononi niliisafisha miaka miwili iliyopita, kama Baba alivyonifundisha, kwa hiyo nilijua kilichomo. Nilimwomba aivue. Akauliza imekosa nini. Nikamwambia haijakosa kitu, nikaifungua nyuma, nikaiweka kando ya ile ya Babu. Ndoano, 2006, kiatu. Ndoano, 2006, kiatu. Gaster alitazama hii, akatazama ile, akasema, "Ni mkono moja."

"Lakini mimi sijafika Kisumu na hii saa," Otim alisema. "Hii ilitengenezwa Jinja, kwa mzee Isiko. Alikuwa na katoto kasichana chini ya meza, kanachora chora. Aliniambia, afande, ngoja kidogo, huyu naye ni fundi, lazima aweke alama yake. Nikangoja mpaka kakamaliza."

"Si kiatu," nikasema. "Ni kifaranga. Mdomo wake uko upande huu. Nilikuwa na miaka tisa, na Isiko ni baba yangu."

Mafabi alinigeukia. "Hukusema," akaniambia.

"Hukuuliza."

Alijaribu kusema kwamba saa zinafanana. Otim akamkata: "Mafabi, weka hiyo kitu mezani. Mimi nimelinda wezi miaka thelathini. Uso yako naijua."

Baadaye Mafabi alinifuata kwenye baraza ya hoteli. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Binti, chukua saa, tuyaache hapa hapa. Mimi ni mtu ya sukari. Nina wajukuu." Ningependa kukuandikia kwamba nilimwonea huruma. Nilisimama pale nikamwacha aseme tena, kisha tena, na kila aliposema kwa sauti ndogo zaidi nilihisi mwili wangu ukipata joto, kama mtu aliyekaa karibu na jiko baada ya kunyeshewa. Baba angemsamehe kabla hajamaliza neno la kwanza. Mimi si Baba, na yeye kusamehe kwake kulimfikisha wapi?

Nilikataa kuichukua. Iko kwa Otim. Huitia ufunguo kila asubuhi baada ya chai na kunitumia neno moja kwenye simu: "Inatembea." Mafabi alipewa njia mbili, polisi au Walukuba, akachagua Walukuba. Atakuja Ijumaa tarehe 5 Desemba, baada ya swala, nyumbani kwetu, chini ya turubai kama lile la mwaka ule. Sheikh Shakul atakuwepo, na nimewaalika kwa majina wote ninaowakumbuka waliokuwepo kwenye arobaini, pamoja na wale walioacha kuleta saa zao. Atasema kwa kinywa chake kwamba aliiba, na kwamba alikudanganya.

Sasa nifike kwako.

Mafabi aliiba chuma, Shangazi, lakini jina la Baba hakulichukua yeye. Alipiga simu moja tu. Wewe uliyelala chumba kimoja na Isiko mpaka ukaolewa, uliyejua kwamba hata sukari ya jirani alikuwa akiirudisha imezidi, hukumuuliza neno. Ulipanda basi usiku mzima ili uje umhukumu mbele ya watu. Na alipofariki, Shakirah alikupa simu ili uzungumze na Mama, ukakataa, ukatuma ujumbe wa maneno matatu: "Mungu atamhukumu yeye." Simu ya Mama iliyoupokea ujumbe huo ninayo mpaka leo. Nimeibadilisha betri mara mbili ili ujumbe usipotee.

Ukiona kosa lolote katika maelezo haya, lipigie mstari mwekundu unirudishie kama zamani. Mimi nimelitafuta sikuliona.

Nakuomba uje. Tiketi ya basi Shakirah atakukatia, nimekwisha kupatana naye, na goti lako tutaliwekea mto. Usiogope kwamba utakosa mahali pa kukaa. Nimekodi viti mia moja, na viwili nimeviweka mbele peke yavyo, vinawatazama watu. Kimoja cha Mafabi. Akishamaliza kusema ataketi, nawe utasimama, na utasema kwa sauti ile ile ya siku ile, maana walio nyuma kabisa waliisikia.

Ukimaliza, saa itakuwa yako. Uliitaka tangu Babu akiwa hai, na mimi nina sita zinanitosha. Saa hizi hazitembei zaidi ya siku moja na nusu bila mkono wa mtu, kwa hiyo kila ukiamka itabidi uishike.

Wasalimie Shakirah na mumewe, umbusu mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Mpe salamu mzee Isabirye, mpangaji wako, ambaye husema bado anakumbuka Kisoga, lugha yetu. Mama, kama nilivyosema, anakusalimu. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri wa kutosha kufika tarehe tano, na akulinde njiani, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kukaa kwenye kiti kile.

Wako akupendaye,

Rania binti Isiko

N.B. Alama ya kifaranga iko ndani ya kifuniko, upande wa kulia wa ndoano ya pili. Usiisugue.