Ng'ombe Wote Zizi Moja

Odeta shoga yangu, nimeamshwa gizani na mlio wa redio kuzimwa, tki! Mume wangu Nkwabi ameketi kitandani. Ananiambia, "Hisa zimeshuka. Nanunua leo."

Leo! Anauza ng'ombe wote, Odeta, wote, anunue hisa za kampuni moja ya Dar ambayo hata mlango wake hajauona!

Nikamwambia juzi zilipanda, leo zimeshuka, kesho je? Akacheka. "Si wewe uliyenifundisha hisa, mama Kija?" Kweli, nilitoka darasa la jioni na furaha zangu nikamsimulia. Lakini nilimwambia pia tuweke kidogo tu, ambacho hata kikipotea watoto watakula. Unajua kanijibu nini? "Mwalimu wako ana ng'ombe wangapi?"

Ng'ombe wangapi! Kwa mdomo huohuo!

Ndiyo kwanza naelewa kwa nini jana aliwaleta wale wa kwa kaka yake kule Usevya na wale wa kwa dada yake kule Kabungu. Wasukuma wenzake hugawa ng'ombe kwa ndugu, ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Baba yake anaishi hivyo mpaka leo. Yeye kawarundika hapa wamsubiri mnunuzi.

Ukipata karatasi hii kimbia hapo Mwamkulu kwa baba mkwe, aje sasa hivi. Yeye atamsikiliza. Naamini hata nusu tutaokoa.

Nkwabi ametoka. Nje kumetulia mno.

Kija anarudi kutoka kukojoa, kasimama mlangoni.

"Mama, baba anatafuta ng'ombe. Zizini hamna hata mmoja."