Mkeka Uliolowa

Mumbuni, Machakos
Jumatano, 20 Agosti 2003

Kwa dada yangu mpenzi Layla,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta salama wewe, shemeji Yasin na watoto, na kwamba mguu wako umeacha kukusumbua kwenye ngazi za hapo Eastleigh. Sisi huku hatujambo. Abdalla yuko na kazi zake za machinjioni, na mama mkwe anakusalimu sana, anasema ule ubani uliomletea mwaka jana umekwisha na wewe umenyamaza kama hujui. Baridi ya mwezi wa saba imegoma kuondoka, nguo hazikauki.

Najua umenikasirikia. Harusi ya wifi yako ilifanyika mwezi wa sita na mimi sikuja, nikasingizia malaria. Umepiga simu mara tatu tangu siku ile na mara tatu nimemwambia Abdalla akuambie niko msalani. Simu ni yake, anakaa nayo yeye, na mambo mengine hayasemwi mtu akiwa amesimama pembeni akisubiri kurudishiwa simu yake. Ndiyo maana naandika. Nduku, jirani yetu, anakuja Gikomba kesho kuchukua mitumba, nitampa barua aifikishe mkononi mwako.

Nianze na Mgeni, kwa sababu habari yote imeanzia kwake, au mimi nimetaka ianzie kwake.

Unakumbuka mwezi wa pili nilipompoteza mtoto. Ulikuja, ukakaa nami siku kumi, ukarudi. Arobaini yangu ilipokwisha Abdalla alikuwa amekwenda Konza kununua mbuzi, na kwenye ranchi moja alikuta watu wanahama. Wakampa mnyama mmoja wa watoto wao. Ni simbilisi, yule ambaye wanafunzi wa hapa humwita ginipigi: ni mkubwa kuliko panya, mdogo kuliko sungura, hana mkia, na akisikia mlango unafunguliwa anapiga mluzi akidhani ameletewa chakula. Abdalla aliingia naye ndani ya koti, akamweka mapajani pangu, akasema nimeletewa mgeni. Nililia mpaka yule mnyama akalowa machozi kichwani.

Mama mkwe alisema mwanawe ameleta panya nyumbani. Abdalla akamwambia si panya, hana hata mkia. Mama akasema basi ni panya aliyekatwa mkia, na hiyo haimfanyi kuwa sungura. Lakini wiki ya pili ni yeye aliyekuwa akimchagulia majani ya sukuma. Unamjua mama mkwe, maneno yake yanatoka na miiba.

Chakula tulimpa tulichokuwa nacho, chakula cha kuku wa mayai, maana gunia liko pale jikoni kwa ajili ya kuku wa Abdalla. Maji hatukumpa. Mama mkwe alifuga sungura kwao Kalama alipokuwa msichana, na huko kila mtu anajua kwamba sungura hanywi maji, akinywa tumbo linamharibika na anakufa. Na kweli, mahali ambapo maji yanaletwa na punda mara mbili kwa wiki, nani atabishana na mnyama asiyekunywa?

Mwezi wa nne ukaanza ule mtihani wa harufu. Mama mkwe ana pua, Dada. Aliingia chumbani kwangu kuchukua mkeka wa kuswalia, akaukuta umelowa. Aliuinua, akaunusa, akanitazama. Nikasema ni Mgeni, alitoka kwenye sanduku lake. Mkeka ukafuliwa. Wiki hiyohiyo kochi likalowa, tena ikawa ni Mgeni. Mama akasema mnyama mdogo namna ile anatoa wapi mkojo wote huo na maji hanywi. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili.

Nimeinuka sasa hivi, nimerudi. Hii ni mara ya tatu tangu nianze barua hii. Nivumilie.

Mwisho wa mwezi wa sita Mgeni akaugua kweli. Akawa anajikunja mgongo na kulia kila akikojoa, kilio chembamba cha kumtoa mtu kwenye shughuli zake, na kwenye nyasi za sanduku lake tukaona damu. Abdalla alihangaika. Machinjioni kuna daktari wa mifugo anayekagua nyama, Mkamba mmoja mpole anaitwa Wathome, akamwomba aje. Mama mkwe akasema sasa tumefika mahali panya anaitiwa daktari, na watu wa Kalama ng'ombe zao zinakufa hivihivi. Lakini siku ya Wathome kuja alivaa leso mpya.

Wathome alimpapasa Mgeni tumboni taratibu kwa vidole viwili, akasema huyu mnyama iko na jiwe kwa kibofu. Akaomba aone tunamlisha nini. Alipoona gunia alitikisa kichwa. Akatueleza kwamba chakula kile kimejazwa chokaa makusudi ili ganda la yai liwe gumu. Kuku akila chokaa, anaitoa kwa yai. Huyu hana yai la kuitolea, na kwa kuwa hanywi maji, chokaa inatulia kwenye kibofu na kugandana. Mama mkwe akamwambia habari ya sungura wa Kalama. Wathome akajibu kwa heshima kwamba hata yeye kwao waliambiwa hivyo, na sungura wao walikuwa wakifa na maji hawakupewa.

Akaagiza hivi: chakula cha kuku kikome, apewe nyasi kwa wingi na kikombe cha maji kisikauke, na dawa ya maumivu asubuhi na jioni. Jiwe lenyewe lingetolewa kwa kupasuliwa, ila alihitaji dawa ya usingizi inayomfaa mnyama mdogo hivyo, ikabidi aiagize kwa mwenzake wa chuo cha mifugo Kabete. Akasema wiki tatu au nne. Akasema maji yatampunguzia uchungu na kuzuia jiwe lisikue.

Kazi ya kumtunza nikaichukua mimi. Nilihamia chini, nikawa nalala kwenye mkeka kando ya sanduku lake, na Abdalla akawaambia watu wa machinjioni kwamba mkewe ana huruma ambayo hajapata kuiona. Kila Wathome alipopita kumtazama alikuta kikombe kitupu, akafurahi kwamba mgonjwa anakunywa vizuri. Lakini Mgeni hakupata nafuu. Jiwe lilizidi kukua. Wathome alishangaa sana, akasema hajui anakosea wapi.

Alimpasua tarehe tisa mwezi huu, nyumbani kwake. Abdalla alirudi na lile jiwe ndani ya kiberiti. Ni jeupe, linakwaruza, kubwa kama punje ya kunde, na kwa mwili ule mdogo ni kama mimi na wewe tubebe ngumi. Mgeni ni mzima, alhamdulillahi. Wathome alisema abaki kwake wiki mbili mpaka mshono ukauke. Abdalla akalisugua sanduku, akaliweka juani, akafungua madirisha. Mama mkwe akasema sasa nyumba itapumua.

Harufu haikuondoka, Dada.

Basi nikuambie. Nilikuwa mimi. Mkeka ulikuwa mimi, kochi lilikuwa mimi. Tangu zile siku mbili nilizokaa na uchungu kule Kalama kwa mkunga kabla gari halijapatikana, mkojo wangu haukai. Hauniiti wala hauningoji, unapita wenyewe nikiwa nimelala, nikiwa nimesimama, nikiwa nakuandikia. Wakati wa arobaini nilidhani utaisha. Ulipokuwa hapa nilifua vitambaa mbele yako na wewe ukadhani ni damu ya uzazi, nami nikakuacha udhani hivyo. Harusini sikuja kwa sababu ningekaa wapi? Kwenye kiti cha nani? Tangu mwezi wa nne najinyima maji mpaka midomo inapasuka, nikidhani nisipokunywa hakitatoka kitu. Nikisimama kuswali nahisi naiba.

Na hilo si baya zaidi. Baya ni kwamba Wathome alipotuambia jinsi ya kumponya, mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba Mgeni akipona nitabaki peke yangu na hii harufu. Kikombe kile hakunywa yeye. Nilimwekea maji mbele ya watu, na wakitoka nayamwaga kwenye kopo la mrehani dirishani. Chakula cha kuku nilimpa kiganja kizima kila asubuhi, naye akanipigia mluzi wa kunishukuru. Nilikaa naye akilia. Nilimshika akilia, Layla, mnyama niliyeletewa ili nisilie mimi, na bado asubuhi nikaenda kwenye gunia. Wathome anajilaumu hadi leo na mimi namkaribishia chai.

Siku ya sita baada ya Mgeni kuondoka, mama mkwe aliingia chumbani. Abdalla alikuwa Konza. Mkeka ulikuwa umelowa na sanduku lilikuwa tupu, sikuwa na wa kumtaja. Nilimngoja aseme. Nilishajipangia hata nguo za kuchukua, maana nilijua atanirudisha kwetu. Hakuukunja mkeka. Alikwenda dirishani, akauangalia mrehani wangu, akasema umestawi sana mwaka huu wa ukame, na kwamba amekuwa akiuona ukinyweshwa kikombe cha Mgeni kila siku akiwa uani. Kisha akatoka, akarudi na jagi la maji na bilauri, akaketi chini kwenye mkeka uleule ulivyo. Unajua hasemi Kikamba na mimi, anasema Kiswahili cha wote. Siku hiyo akasema: nyw'a manzi, mwana wakwa. Kunywa maji, mwanangu. Nikanywa bilauri tatu, na yeye ananitazama kama anayehesabu.

Alisema ni yeye aliyeng'ang'ania nikazalie Kalama kwa dadake mkunga, na kwamba tangu mwezi wa nne alikuwa akimlaumu panya kwa bidii kwa sababu hata yeye alitaka awe ni panya. Nilimjibu kwamba simchukii. Si kweli kabisa, lakini si uongo wote, na alielewa. Kisha akaniambia yeye hatamwambia Abdalla. Atakayemwambia ni mimi.

Wiki iliyopita redioni mama mmoja alieleza ugonjwa kama wangu, wakauita fistula, akasema alishonwa katika hospitali moja huko Nairobi baada ya miaka saba, na sasa anaketi popote. Miaka saba. Mimi nina miezi sita nami nimeshamtesa kiumbe. Nakuomba, Dada, niulizie hospitali hiyo ni ipi na siku gani wanawapokea wagonjwa, na uniruhusu nije kwako. Nitakuja na mpira wangu wa kutandika na vitambaa vyangu. Ukiona utaaibika mbele ya shemeji, niambie waziwazi, sitakulaumu. Nilitaka kukuambia usimsomee barua hii. Msomee ukitaka. Nimechoka kuwa na mlango wa kufunga.

Abdalla yuko tena Konza, atarudi kesho kutwa, na Mgeni ataletwa Jumamosi. Kwa hiyo nina Ijumaa moja tu. Nimejaribu kuyapanga maneno na hayapangiki, nitamwambia kama nilivyokuambia wewe. Sijui atafanya nini. Ni mtu mwema, lakini wema wa mtu huujui mpaka uuegemee.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, na shemeji Yasin mpe mkono. Mama mkwe amenikumbusha tena habari ya ubani. Nduku atakuwa Gikomba mpaka saa nane, ukiweza mpe jibu, hata mstari mmoja.

Sanduku la Mgeni nimelitandika nyasi mpya, na kikombe chake kimejaa. Safari hii mkeka ukilowa, nitasema ni nani.

Mdogo wako akupendaye,
Pili