Nimemuua Baba Mkwe Ukurasa wa Sitini na Moja

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niitikie tu hivyo hivyo kwa sababu sina nguvu ya kuanza upya, maji yamenifika shingoni na Jumamosi ndiyo hiyo inakuja.

Mimi ni fundi rangi wa magari, mwanamke, nimeolewa, na gereji ninayofanyia kazi ni ya nyumbani kwetu, yaani mume wangu anachomelea bodi, mimi napiga rangi, na baba mkwe ndiye mwenye gereji na fundi wa injini zote, na kazi yetu si kutengeneza magari yaliyoharibika tu, hapana, tunachukua magari ya zamani ambayo watu wengine wangeuza chuma chakavu, tunayashusha chini, tunayavalisha matairi mapana nyuma, tunatoa injini nje ya boneti ionekane inavyong'aa, tunaweka ekzosi inayonguruma mpaka vikombe vinatikisika kwa jirani, na kila Jumapili mchana wenye magari hayo wanakusanyika kwenye kiwanja kilicho mbele yetu, wanafungua boneti, wanabishana mpaka koo zinakauka, halafu wanarudi nyumbani kwao na furaha zao. Maisha yangu mimi ni mazuri, mshauri, nisikudanganye. Sina ugomvi na mtu.

Tatizo ni daftari. Rangi ikishapigwa lazima ikauke, na wakati inakauka huwezi kufagia wala kusogeza kitu kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo kwa miaka mingi nimekuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa naandika mawazo ya filamu, filamu za magari kama yetu, kwa sababu filamu za magari ninazoziona ni kukimbizana tu na kugongana, na mimi nikiona gari limegongwa naona kazi ya mtu imepotea, siburudiki. Ninayo mawazo kumi na manne. Lipo la mwalimu wa udereva anayefundisha watu mwendo wa kobe wiki nzima na Jumapili anaendesha gari linalotoa moto kwenye ekzosi, mpaka siku mwanafunzi wake anapomwona. Lipo la majirani wawili waliounganisha magari yao yakawa moja, mbele la huyu, nyuma la yule, sasa wanagombania usukani. Lipo la fundi cherehani aliyerithi injini bila gari, anazunguka nayo kwenye mkokoteni anaitafutia bodi.

Na lipo la kumi na nne, ambalo ni la baba mkwe. Sikumtaja jina, lakini nani asiyemjua. Pale kiwanjani wanamwita Mzee Bado, kwa sababu ana gari lake mwenyewe kwenye kona ya gereji, analitengeneza mwaka wa kumi na tisa sasa, alilianza mwaka aliofariki mama mkwe, mimi sijaolewa bado, na kila mtu akimuuliza kama limekwisha jibu lake ni hilo hilo, bado. Mimi mwenyewe nimelipiga praima mara sita, ile rangi ya kijivu ya kutangulia, na kila mara kesho yake namkuta na msasa anaikwangua, anasema ameona bonde mlangoni, na mimi nikipitisha kiganja hilo bonde silioni. Mara mbili injini imewaka, gereji nzima tukapiga makofi, na wiki haijaisha ameshusha giaboksi, eti inalia. Tunacheka sana, hata yeye anacheka.

Basi akaja mama mmoja mwongozaji wa filamu, alitaka kukodi magari, akanikuta kwenye ndoo yangu, akaomba kuona daftari, akasoma amesimama, akalishika la kumi na nne hakuliachia. Akanisaidia kuliandika likawa muswada mzima. Na kilichompendeza ni mwisho. Mwishoni, mshauri, yule mzee anafariki. Anaanza na kikohozi, anakohoa ameshika boneti, ukurasa wa hamsini na nane, na ukurasa wa sitini na moja anaegemea mlango wa gari kama anayesikiliza injini, ndiyo basi. Halafu mkwe wake anachukua bunduki ya rangi, analipiga gari rangi nyekundu ya mwisho, na watu wote wa magari wanamsindikiza mzee kwa kunguruma. Niliandika nikilia, nikafuta machozi, nikaona nimeandika kitu cha maana.

Sasa mwongozaji anasema hakuna mwigizaji duniani anayeshika spana kama baba mkwe, kwa hiyo mzee aigize mwenyewe, na gari liwe lile lile, na mimi nilipige rangi kweli kweli mbele ya kamera, na hilo la rangi si shida, nyekundu ninayo na inatosha. Shida ni mzee. Alipoulizwa kama ataigiza alikubali kabla swali halijaisha, ameshona ovaroli mpya, amewatangazia watu wote kiwanjani, na aliponiuliza filamu inahusu nini nilipata kigugumizi nikamwambia inahusu mwalimu wa udereva. Mimi, mkwe wake, anayeniita mama, nimemwangalia usoni nikamdanganya. Nitaanzaje kumwambia baba, nimekuandikia kifo, naomba ukipitie?

Na si hilo tu. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na gari la mteja la bluu, na kabla ya kupiga rangi vioo vinafunikwa kwa magazeti, magazeti yakawa yamekwisha, mimi nimetoka kununua thina ya kuzimulia rangi, mume wangu akaona rundo la karatasi juu ya meza ya kazi akafunika nazo vioo vyote. Ulikuwa muswada wangu. Alivifunika akapiga rangi mwenyewe ili anipunguzie kazi, na niliporudi, baba mkwe ndiye alikuwa anabandua, kwa sababu kubandua ni kazi yake, anasema sisi tunabandua kwa haraka tunaondoka na rangi. Alizipanga zote kwa mfuatano, akaweka spana juu zisipeperuke, akaniambia, "Rangi imekaa vizuri, mama." Basi. Miwani yake ilikuwa mfukoni, kwa hiyo sijui kama alisoma. Mume wangu nilipomlalamikia akasema, "Hayo ni yako na baba, mimi ni mtu wa kuchomelea."

Na sasa nakuja kwenye linaloninyima usingizi. Tangu wiki ile mzee ameanza kukohoa. Anakohoa mchana mchana, ameshika boneti, vile vile kama nilivyoandika! Nimempeleka zahanati, muuguzi amemsikiliza kifua akasema ni kifua cha kijana. Anakula sahani mbili. Nampa chai yenye asali, anakunywa, anapumzika, anaanza tena, na jana nilimkuta anakohoa mbele ya kioo cha pembeni cha lori, mara kikohozi kikubwa, mara kidogo, akaniona akaacha. Nahisi kalamu yangu imemroga. Jumamosi mwongozaji analeta muswada kumkabidhi mkononi. Je, nimwambie mwongozaji abadilishe mwisho, na yeye amesema bila mwisho ule filamu haimvutii? Au niifute filamu yote, niliyoingoja maisha yangu yote? Nisaidie, nimekaa roho juu.

Ni mimi, fundi rangi.

*

Mshauri anajibu:

Fundi rangi, marahaba, maana nimekuzidi, na kwa barua hii nimezidi kuzeeka. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini.

Mwanangu, baba mkwe wako haumwi. Anafanya mazoezi! Mtu anayeumwa kifua hakohoi mbele ya kioo, mara kikubwa, mara kidogo, akichagua kitakachompendeza mwongozaji. Muuguzi amekwambia, sahani mbili zimekwambia, na bado unamnywesha asali mtu mzima anayejifunza kazi yake. Amesoma muswada wote. Miwani ilikuwa mfukoni kwa sababu alishamaliza kuitumia. Amesoma mpaka ukurasa wa sitini na moja, na jibu lake ni kwamba anataka kufa vizuri kuliko ulivyoandika. Sijui heshima gani nyingine unaingoja kutoka kwa mkwe.

Kwa hiyo acha kulia juu ya kifo. Kifo cha filamu ni kazi nyepesi. Ataanguka, mtapiga picha, atainuka, atapangusa ovaroli yake mpya na kuuliza chakula kiko wapi.

Lakini uongo nakukaripia. Ulimwangalia usoni ukamwambia mwalimu wa udereva, naye kwa hisani yake ameubeba huo uongo wiki mbili nzima, ili usiaibike wewe. Fikiria: mzee amesoma kifo chake kwenye dirisha la gari la mteja, na neno lililomtoka ni kusifu rangi, tena rangi yenyewe hukuipiga wewe. Huyo ndiye mtu unayemwogopa? Mume wako naye nisalimie, mwambie anayetumia muswada wa mkewe kufunika vioo hawezi kusema hayamhusu.

Sasa nikueleze kilichonifanya niisome mara ya pili. Umeniandikia kurasa nne za hofu, na katikati ya hofu zote ukapitisha sentensi moja upesi upesi, kwamba hilo la rangi si shida, nyekundu unayo na inatosha. Hapo nilisimama. Wewe ni fundi wa kusoma bodi kwa kiganja, unaona mkwaruzo ambao mimi nisingeuona kwa darubini, halafu hili hukuliona?

Mzee alianza gari mwaka aliofiwa na mkewe. Umeliandika wewe, si mimi. Miaka kumi na tisa, kila likikaribia kuisha anakwangua praima. Injini ikiwaka anashusha giaboksi. Anaona bonde ambalo kiganja chako hakilioni. Mnacheka, naye anacheka, na mimi sisemi ni vibaya kucheka, lakini hajakosea ufundi huyo. Fundi wa injini zote za gereji hashindwi gari moja kwa miaka kumi na tisa. Hataki liishe. Lile gari ndilo linalomwamsha asubuhi. Likiisha, kesho yake aamke aende kwenye kona ipi?

Kifo kile kitaondoka kamera ikizimwa. Rangi nyekundu haiondoki. Umehangaika kumwombea ruhusa ya kitu cha mchezo, na cha kweli ukakiona si shida. Hayo ndiyo makosa yako, mwanangu, na nayasema kwa upendo: uliogopa ukurasa usiofaa.

Haya, fanya hivi, na usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, chukua zile karatasi zenye bluu pembeni, vuta ndoo yako ukae karibu na gari lake, umwambie, "Baba, nilikudanganya, naomba radhi." Usieleze sana. Kisha msomee muswada wote kwa sauti, kifo na yote, na akitaka kukurekebisha kikohozi mwache akurekebishe, nina hakika ana maoni. Ukifika kwenye rangi, funga karatasi. Mwambie wazi kwamba mwongozaji anataka lipigwe rangi ya mwisho kweli, kwamba likishapigwa limepigwa, na kwamba bunduki ya rangi hutaishika mpaka yeye mwenyewe afungue kopo. Halafu nyamaza. Nyinyi mafundi rangi mnajua kusubiri kitu kikauke, basi subiri.

Akisema hapana, ni hapana, na usimnunie. Utamwambia mwongozaji atafute mlango na boneti ya gari kama hilo kwenye chuma chakavu, mume wako atachomelea, utapaka nyekundu mbele ya kamera mpaka uchoke, na watazamaji hawatajua. Mwongozaji akigoma kwa ajili ya mlango, basi hakuipenda hadithi yako, alipenda gari la watu. Na huna haja ya kutetemeka: mtu mwenye mawazo kumi na manne hafi njaa kwa kunyimwa moja. Ile ya mwalimu wa udereva mimi ningeinunulia tiketi leo, ila sasa uiandike kweli, ili angalau uongo wako uwe na faida.

Lakini kuna uwezekano mwingine, na ndio ninaouona mimi. Nadhani mzee yuko tayari. Mtu aliyeshona ovaroli mpya, anayejifunza kukohoa mchana kweupe, ambaye amesoma kwamba gari lake litapigwa nyekundu akishafariki na bado hajakimbilia msasa, huyo kuna kitu anakiwaza. Anachongoja ni mtu amsaidie kulisema. Kwa hiyo ukishanyamaza vya kutosha, na yeye bado ameinamisha macho kwenye boneti, usimwulize kama gari liishe. Mtu haulizwi hivyo kuhusu miaka kumi na tisa. Mwulize swali moja tu, na ulimaanishe, maana ukiuliza itabidi uwepo kulianza naye: "Baba, baada ya hili tunaanza lipi?"