Bwana Skafu Hakufa

Al Mawaleh,
Maskati, Oman.
3 Februari 2024.

Mpendwa kaka yangu Sleiman,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Portsmouth, wewe na mkeo na wanao wote. Vipi hali ya macho? Mwanangu Mutasim kaniambia mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili, huwezi tena kusoma hata saa ya ukutani, na kwamba utapasuliwa mwezi wa Aprili. Na kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mimi ni goti la kushoto tu linalonisumbua, lakini goti hili nalishukuru, na sababu utaisikia huko mbele.

Najua kuwa barua hii huisomi wewe, unasomewa na binti yako. Shurooq, mwanangu, hujambo? Shangazi yako nakuomba kitu kimoja. Soma kila neno kama nilivyoliandika. Usiruke, usilainishe, na babako akikwambia "pita hapo", usipite. Ningeweza kumtumia sauti kwenye simu, lakini sauti angeizima, na wewe hawezi kukuzima.

Sasa, Sleiman, kaa vizuri.

Ijumaa ya tarehe kumi na mbili mwezi uliopita tulimfungisha ndoa mjukuu wangu Shahad. Mutasim alikuweka kwenye televisheni ile kubwa ya sebuleni ili uwape maharusi dua. Uliwapa, Mungu akulipe. Halafu badala ya kunyamaza ukauliza kwa sauti, mbele ya wakwe zangu wapya ambao hata chai hawajaimaliza: "Bi Eda yupo? Hebu muulizeni, kamaliza eda yake?" Mama wa bwana harusi akataka kujua kuna msiba gani. Nawe ukamhadithia mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyowahadithia watu kwenye harusi yangu mwenyewe, na kwenye arubaini ya kila mtoto wangu. Mama yule alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nilicheka pia, maana mwenye nyumba afanye nini? Lakini damu ilikuwa inanichemka.

Shurooq hajapata kuisikia hadithi hii kutoka kwangu, basi aisikie leo.

Mwaka hamsini na tisa mimi nilikuwa na miaka tisa na babako kumi na minne. Tuliishi nyumba moja kule Vuga, Unguja, kwa bibi yetu. Ami Khalil, babu yako, alikuwa karani forodhani, na mkubwa wake Mwingereza alikuwa akimpa magazeti ya picha ambayo wanawe wameshayasoma. Yalikuja kwa meli, yamechelewa miezi, ya wiki kadhaa yamefungwa pamoja kwa uzi wa kitani. Nayakumbuka mpaka harufu yake. Nakumbuka ukurasa wa mbele wenye rangi, na ile nyekundu iliyokuwa ikitoka nje ya mstari kidogo, kwa hivyo skafu ya yule mtu wetu ilionekana inapepea hata akiwa amekaa.

Jina lake la Kiingereza lilitushinda, tukamwita Bwana Skafu. Kazi yake ilikuwa kwenda kusikoendeka. Mwaka ule alikuwa kwenye nchi ya barafu akiwatafuta wenzake waliopotea, na nyuma yake kuna adui mmoja mwenye ndevu za mbuzi. Kila gazeti lilikuwa na kurasa mbili tu zake, na kila mara zilikwisha pale pabaya kabisa, mtu mguu hewani.

Mimi Kiingereza sikukijua. Babako alikijua. Alikuwa akikaa ngazini, mimi ubavuni pake, akinisomea kwa Kiswahili huku kidole kikipita chini ya kila kiduara cha maneno. Nilikiamini kidole kile kuliko nilivyomwamini mwalimu wetu wa Kurani chuoni. Siku moja nilimuuliza barafu ni kitu gani hata mtu akapotea ndani yake, akaenda kiwanda cha barafu kwa miguu na kurudi na kipande kimeviringishwa gunia, akaniwekea miguuni nikikanyage, nijue Bwana Skafu anakanyaga nini. Nililia kwa baridi na kwa furaha. Kumbukumbu hiyo inanikera kuliko zote, Sleiman, maana aliyeniletea barafu ndiye aliyenifanyia yaliyofuata.

Wiki ile adui alikata kamba. Bwana Skafu akaanguka kwenye ufa wa barafu, na picha ya mwisho ikaonyesha skafu tu, imenasa juu. Pale chini palikuwa na maneno madogo. Kidole chako kikapita, nawe ukasoma: "Na huo ndio ukawa mwisho wake. Alizikwa hukohuko."

Nikakuuliza wiki ijayo je? Ukasema hakuna wiki ijayo, mtu akishakufa kuna nini tena?

Nilichokifanya baada ya hapo sikikatai. Nilitoa shuka nyeupe ya Bibi kabatini, nikajifunga, nikaingia chumba cha ndani kukaa eda kama mjane. Nilimtaka Bibi amsomee khitma, akaniambia mtu wa kwenye gazeti hasomewi khitma, nikalia zaidi. Siku tatu sikutoka, sikula ila uji, na mwanamme yeyote akipita ukumbini nilijifunika uso. Mashoga wa Bibi walikuja kunipa pole huku wanabana vicheko kwenye buibui zao. Na wewe ulikuja na sinia ya kahawa, uso umeukaza kama imamu, ukanambia, "Pole, Bi Eda."

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Watu wamelicheka miaka sitini na tano. Lakini kuna moja ambalo hulisemi kwenye hadithi yako, na Shurooq alisome polepole. Siku ya tatu Bibi alisema: "Mwana huyu keshaharibiwa na magazeti haya. Tena na kile Kiingereza alichotaka kusomeshwa, nakisiwepo." Ami Khalil alikuwa ameshaniandikisha kwa mwalimu wa mtaa wa pili. Sikwenda. Nilianza kujifunza Kiingereza hapa Maskati, nina miaka thelathini na moja na watoto watatu, ili nipate kazi idara ya pasi za kusafiria, nikikaa darasa moja na vijana walioniita mama. Wewe wakati huo ulikuwa injinia Uingereza, na kila barua uliyoniletea uliianza kwa "Bi Eda".

Sasa nakuja kwenye goti.

Tabibu anayeninyoosha goti ni Mkenya, jina lake Millicent, ana mikono mizito na maneno mepesi. Jumatatu baada ya ndoa ya Shahad alikuja na boksi. Akasema: "Mama, hizi vitabu ni za mzee fulani Mwingereza nilikuwa namhudumia huko Qurum. Amerudi kwao, akaniambia nitupe tu. Lakini picha ni poa sana, nikaona wacha nikuletee, wewe hupenda kusoma."

Ndani mlikuwa na majalada matatu mazito, magazeti ya miaka mitatu yameshonwa pamoja. Nilifungua la pili, na nyekundu ile ikanipiga usoni. Goti nililisahau. Millicent alidhani ameniumiza, maana nilipiga kelele.

Niliufikia ukurasa wa kamba, Sleiman. Picha ni ileile, skafu imenasa. Na yale maneno madogo pale chini, safari hii niliyasoma mwenyewe, kwa Kiingereza nilichokipata kwa jasho langu. Yameandikwa: Inaendelea wiki ijayo.

Nikafunua. Yuko hai. Amekaa kwenye kijukwaa cha barafu, kofia imepinda, na kwenye kiduara chake amesema, "Kuna baridi kidogo huku chini." Hayo tu! Mimi nimemlilia, nimemkalia eda, nimepewa jina, nimezuiwa kusoma, naye alikuwa hai anazungumzia baridi.

Na wewe ulijua. Gazeti la wiki iliyofuata ulikuwa nalo ndani ya furushi lilelile. Ulilificha na mengine yote ili uyasome peke yako bila ya mtoto kukuuliza barafu ni nini. Nisingekuwa na la kukuambia kama ungetubu ukiwa na miaka ishirini, au hamsini. Lakini umeila hadithi hii kama halwa, sherehe baada ya sherehe, na ulijua kila mara kuwa unanicheka kwa uongo wako mwenyewe. Hilo limeniuma, na sitakuficha kuwa limeniuma. Basi sasa utakiona cha mtema kuni.

Kwanza, Ijumaa iliyofuata niliwakusanya wote kwa chakula cha mchana, na wakwe nikawaita. Nilikizungusha kitabu mkono kwa mkono, kurasa zile mbili, kila mtu akasoma. Mama wa bwana harusi safari hii hakucheka, alinishika mkono. Jina la Bi Eda limezikwa siku ile. Wewe umepewa lako, na mwenye kulitunga ni Shahad: watoto wote wa nyumba hii sasa wanakuita Babu Kata Kamba. Ukipiga simu ndivyo utakavyoitikiwa.

Pili. Siku ile kwenye televisheni ulisema, baada ya kunicheka, kuwa jambo moja hukupata kulijua maishani, nalo ni kama Bwana Skafu aliwapata wenzake na kurudi kwao, kwa sababu magazeti yalikatika mkubwa wa Ami alipohamishwa. Ulilisema kwa huzuni kweli, nilikusikia. Basi mwisho wake uko ndani ya jalada la tatu, jalada liko ndani ya sanduku langu, na ufunguo ninao mimi. Usimpigie Mutasim, nimemwapisha. Usimtume Shurooq amuulize Shahad kwa ujumbe, naye nimemwapisha. Picha haipigwi.

Ukitaka kuujua, njoo Maskati. Kuanzia pale uliponikatia wewe zimebaki wiki ishirini na tatu, nimezihesabu kwa tarehe tu, bila ya kusoma. Utasoma wiki moja kila Ijumaa baada ya chakula, halafu kitabu kinafungwa. Utasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kidole chini ya kila kiduara, na Shahad atakaa nyuma yako akikagua. Neno moja ukilipindisha, Ijumaa inayofuata hupati kitu. Kwa hivyo usikate tiketi ya kurudi.

Nakuombea upasuaji huo usiku na mchana. Usinishukuru, sikuombei kwa huruma. Nataka macho yako yawe mazima, yaone kila herufi, usipate kisingizio.

Na usidhani nimeshausoma huo mwisho nakuringia. Nilisoma ule ukurasa mmoja wa baridi kidogo, nikafunga. Ningeweza kuumaliza wote kwa siku mbili, Kiingereza ninacho. Lakini mimi nilikuwa nasomewa, Sleiman, nikakatiwa kati. Njoo unimalizie.

Nisalimie mkeo sana, mwambie zile sweta zimewafaa watoto. Msalimie Shihab na wanawe, na Balqis ukimpata kwenye simu mwambie namngoja na yeye huku Maskati. Shurooq, ahsante kwa sauti yako, mwanangu, na kama umeruka mstari rudi ukausome. Mungu awalinde nyote, awaondolee kila la kuwazibia njia, na atukutanishe kabla hatujawa wa kusomewa khitma za kweli.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, na nisiyekusamehe mpaka Ijumaa ya ishirini na tatu,

Zakiya,
aliyetoka eda.